Klabu ya Sataranji Sekondari: Ya Shule Moja au ya Pamoja ya Jumamosi?

Mwalimu anayetaka kuanzisha klabu ya sataranji (chesi) katika shule ya sekondari hapa Arusha ana uamuzi wa kufanya kabla hajanunua hata kete moja. Anaweza kuunda klabu ya shule yake, inayokutana ndani ya uzio baada ya vipindi, ikiwa na mwalimu mlezi na viongozi wanafunzi. Anaweza pia kushirikiana na walimu wa shule jirani wakaunda klabu ya pamoja, inayokutana Jumamosi mahali pamoja mjini chini ya mchezaji mzoefu anayejitolea au anayelipwa posho. Wapenzi wa mchezo huu hubishana sana kuhusu njia hizi mbili, na kila upande una hoja zenye uzito. Hapa ninazilinganisha jambo kwa jambo, nikitumia kipimo kimoja ambacho kwa maoni yangu kinavizidi vingine vyote: je, klabu itakuwa hai Januari ijayo, mwalimu aliyeianzisha akiwa amepata uhamisho na wachezaji wake hodari wakiwa wamemaliza kidato cha nne?

Kila aliyefundisha sekondari anajua kwa nini swali hilo ni zito. Mwalimu kijana mwenye ari huanzisha kitu kizuri, wanafunzi wakakipenda, na mkuu wa shule akakisifia mbele ya wazazi siku ya mahafali. Kisha barua ya uhamisho hufika, ufunguo wa kabati hukabidhiwa kwa mtu asiyejua kilichomo, na baada ya muhula mmoja kete huokotwa moja moja chini ya madawati. Klabu ya namna hiyo ilikuwa na mchezo mzuri na wanafunzi wenye hamu, ila kila kitu kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Kwa hiyo katika kila jambo litakalofuata, msomaji ajiulize ni nani mwingine anayebaki akijua namna ya kuendesha mambo.

Siku na saa

Klabu ya shule ina faida ambayo ni vigumu kuishinda, nayo ni kwamba wanafunzi wapo tayari. Vipindi vikiisha saa tisa au tisa na nusu alasiri, darasa lipo, madawati yapo, na hakuna anayehitaji nauli ya ziada. Saa moja mara mbili kwa juma inawatosha kabisa wanaoanza, na mwanafunzi anayeishi Muriet au Olasiti bado atawahi daladala kabla giza halijaingia. Suala la giza lichukuliwe kwa uzito, hasa kwa wasichana wa shule za kutwa, ambao wengi wao wanasubiriwa nyumbani na kazi za jioni, na ambao wazazi wao hawatakubali wachelewe kwa ajili ya mchezo wasioufahamu. Shule inayoona wasichana hawaji klabuni alasiri ijaribu kuhamishia siku moja kwenye mapumziko ya mchana, kwa sababu mchezo wa dakika kumi kwa kila upande unamalizika kwa dakika ishirini na kuwaacha wachezaji na muda wa kutosha wa kula.

Klabu ya pamoja inategemea Jumamosi, na Jumamosi ya mwanafunzi wa Arusha imejaa kuliko inavyodhaniwa. Zipo shule zinazofundisha masomo ya ziada asubuhi hiyo, hasa kwa vidato vya mitihani. Wapo Wasabato, ambao kwao siku hiyo ni ya ibada, na hawa si watu wa kupuuzwa katika mkoa ambao kanisa lao lina chuo kikuu pale Usa River. Ukihamia Jumapili, unawakosa Wakristo wengine hadi mchana. Kisha kuna nauli, kwa kuwa Jumamosi mwanafunzi aliyevaa nguo za nyumbani mara nyingi hutozwa na konda nauli ya mtu mzima, na anayetoka mbali huenda akapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Matokeo yake huonekana baada ya majuma machache, pale ambapo wanaobaki klabuni ni wale wanaokaa karibu na mjini au ambao wazazi wao wana uwezo, hata kama wenye kipaji kikubwa zaidi walikuwa wengine. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huwapunguza zaidi.

Moshi, mji jirani na Arusha, ina nafuu katika jambo hili. Mji wake ni mdogo na umeshikana, na mwanafunzi wa Majengo, Njoro au Soweto anaweza kufika katikati ya mji kwa miguu bila kuchoka. Kama ningeulizwa ni wapi klabu ya pamoja ina nafasi nzuri ya kudumu kati ya miji hii miwili, ningejibu Moshi bila kusita.

Ruhusa na fedha

Kwa klabu ya shule, ruhusa inaishia kwa mkuu wa shule na kuingizwa kwa klabu katika ratiba ya shughuli za nje ya darasa. Kwa klabu ya pamoja, mambo ni marefu zaidi, kwa sababu wanafunzi wanatoka nje ya shule na wanakuwa chini ya mtu ambaye si mwalimu wao. Unahitaji ridhaa ya maandishi ya kila mzazi, barua ya kila mkuu wa shule, na kwa kawaida afisa elimu sekondari anapaswa kujulishwa. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii mapema: shule mbili zilizo jirani kabisa zinaweza kuwa chini ya Jiji la Arusha na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na ukivuka kuelekea Tengeru unaingia Halmashauri ya Meru. Klabu moja inaweza kujikuta inaandikia ofisi tatu. Moshi nako kuna Manispaa na Halmashauri ya Wilaya.

Kuhusu fedha, katika shule za serikali, ambako elimu inatolewa bila ada, mwalimu asijaribu kuwatoza wanafunzi mchango wa lazima wa klabu. Atajiletea matatizo na atawafukuza wale wale anaowatafuta. Jambo jingine la kulisema wazi kwa wazazi tangu mwanzo ni kwamba hakuna kuchezea fedha, kwa sababu wapo wanaoufananisha mchezo wowote wa kete na uvivu wa vijiweni au na kamari. Mkutano mmoja wa wazazi, ukiwa na ubao mezani na mwanafunzi anayeeleza anachofanya, unaondoa shaka hiyo.

Nani afundishe

Hapa ndipo klabu ya pamoja inapojivunia zaidi, na kwa haki. Mchezaji mzoefu anaona kwa mtazamo mmoja makosa ambayo mwalimu mlezi hawezi kuyaona. Anajua kufundisha namna ya kumalizia mchezo kwa mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake, jambo ambalo wanaojifunza wenyewe hulikosea kwa miaka, na anaweza kukaa na mwanafunzi wakaurudia mchezo mzima aliopoteza na kumwonyesha ni hatua ipi iliyomponza. Mwalimu wa kemia aliyejifunza sheria za mchezo mwezi uliopita hawezi kutoa huduma hiyo.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaosema kwamba bila kocha klabu isianzishwe. Kwa muhula wa kwanza wote, mlezi anahitaji kuwa mbele ya wanafunzi kwa somo moja tu, na nafasi hiyo inapatikana kwa kujisomea jioni. Kinachohitajika zaidi katika kipindi hicho ni mpangilio mzuri wa mafunzo, na mpangilio unaofaa unajulikana.

Siku ya kwanza, weka juu ya kila ubao askari peke yao, yaani zile kete ndogo, weupe wanane kwenye safu ya pili na weusi wanane kwenye safu ya saba. Usiweke mfalme, malkia wala kete nyingine. Askari anasonga mbele hatua moja, au mbili anapotoka mahali pake pa kwanza. Anakula kwa mshazari. Na wa kwanza kufikisha askari wake safu ya mwisho ameshinda. Maelezo hayo huchukua dakika tano, na darasa zima linaanza kucheza. Kufikia mchezo wa tatu, wanafunzi wanaanza kugundua wenyewe kwamba askari wawili waliosimama bega kwa bega wanazuia njia pana, kwamba askari aliyebaki peke yake ni mzigo, na kwamba wakati mwingine anayelazimika kusogea ndiye anayeshindwa. Mwanafunzi aliyelelewa na drafti za kijiweni, ambamo kula ni lazima, utamtambua haraka, kwa sababu anakula kila kinacholika hata pale ambapo kuacha kungempa ushindi. Mtu huyo asikemewe, kwa kuwa mara nyingi ndiye atakayekuwa mchezaji bora wa klabu. Ana uwezo wa kuona hatua tatu mbele ambao wenzake bado hawana. Mwulize tu, kabla hajagusa kete, "Usipokula, nini kitatokea?" Majuma yanayofuata unaongeza mfalme, kisha ngome, askofu, malkia, na mwisho farasi, ambaye mwendo wake huwasumbua wengi.

Mafunzo ya namna hiyo yanaweza kurithiwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyepitia somo la askari anaweza kuwafundisha wa kidato cha kwanza Januari inayofuata, na mimi ningeshauri hilo liwe sharti la uongozi wa klabu: mwenyekiti na katibu watoke kidato cha pili na cha tatu, na kila mmoja awe amefundisha wanafunzi wapya kabla hajapewa cheo. Klabu inayotegemea kocha wa nje haina mrithi wa namna hiyo. Siku kocha atakapopata kazi Dodoma au Dar es Salaam, Jumamosi inayofuata mlango utakuwa umefungwa.

Watetezi wa klabu za nje ya shule hunukuu mfano wa Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyejifunza mchezo katika programu ya Robert Katende na mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya sataranji iliyofanyika Istanbul, akapata cheo cha kimataifa. Nigeria nako, Tunde Onakoya alianzisha mwaka 2018 mpango wa kuwafundisha sataranji watoto wa vitongoji maskini vya Lagos. Mifano hiyo ni ya kweli na inatia moyo, lakini isomwe kwa makini. Programu zote mbili ziliwafuata watoto walipokuwa wakiishi. Kwa Arusha, anayetaka kuiga mfano huo na auweke ubao Unga Limited, Ngarenaro au Sokon, ambako watoto wanafika kwa miguu. Kuwataka wapande gari hadi jirani na Mnara wa Saa ni jambo jingine kabisa.

Vifaa

Seti moja ina kete 32 na ubao wa miraba 64, na inatosheleza wachezaji wawili, hivyo klabu ya wanafunzi kumi na sita inahitaji seti nane. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, linapendekeza mfalme mwenye kimo cha takriban sentimita 9.5 na miraba ya sentimita tano hadi sita. Kete za plastiki za umbo la Staunton, ambalo lilisajiliwa Uingereza mwaka 1849 na ndilo linalotumika mashindanoni hadi leo, ndizo zinazofaa shule. Hazivunjiki kirahisi, na mwanafunzi atakayekwenda kucheza kwingine atazikuta zile zile.

Maduka ya vinyago hapa mjini huuza seti nzuri za kuchonga, zenye wapiganaji wa Kimasai badala ya askari. Ni kazi ya kujivunia, na mfadhili anaweza kushawishika kuinunua, lakini anayejifunza hupoteza muda akijiuliza ipi ni askofu na ipi ni malkia. Ibaki ofisini kwa mkuu wa shule.

Ubao ndicho kitu ambacho unaweza kukipata hapa hapa kwa gharama ndogo. Wachapaji wa mabango ya turubai wapo kila kona ya mji. Miraba ya sentimita 5.5 inafanya ubao wa sentimita 44, na ukiacha ukingo wa sentimita tatu kila upande kwa ajili ya herufi na namba, unapata kipande cha nusu mita kwa nusu mita. Mita moja ya mraba ya turubai inatoa mbao nne zinazokunjika, zinazofutika kwa kitambaa chenye maji na zisizoliwa na mchwa. Sisitiza mambo mawili kwa mchapaji: miraba myeusi iwe ya kijani au kahawia, kwa kuwa kete nyeusi hazionekani vizuri juu ya mraba mweusi tititi, na mraba wa kona ya kulia ya kila mchezaji uwe mweupe. Mabango yaliyochapwa yakiwa yamegeuzwa ni ya kawaida kuliko unavyodhani, na kosa hilo likishachapwa linawapotosha wanafunzi wapya mwaka baada ya mwaka.

Tofauti kati ya klabu zetu mbili katika suala hili ni umiliki. Vifaa vya shule vinaingizwa kwenye leja, vinakaa stoo, na mwalimu anayehama anavikabidhi kwa maandishi. Vifaa vya klabu ya pamoja mara nyingi hukaa nyumbani kwa mtu, na klabu ikivunjika hakuna anayejua ni vya nani. Shule zinazoungana ziandikiane tangu mwanzo kwamba kila shule inaleta na kuondoka na seti zake, zikiwa na alama ya rangi chini ya kila kete. Pia, kila mkutano uishe kwa kuhesabu kete 32 kabla mfuko haujafungwa. Farasi mmoja akipotea, seti nzima imelemaa.

Saa za mezani za kupimia muda wa kila mchezaji zina bei kubwa na zinaweza kusubiri. Bila saa, mlezi anasimamisha michezo yote baada ya dakika thelathini na kuhesabu thamani ya kete zilizobaki, yaani malkia 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, na askari 1. Tofauti ikiwa ndogo, inakuwa sare. Njia hii haina haki kamili, kwa sababu mchezaji mwenye kete chache anaweza kuwa hatua mbili tu kutoka kumfunga mfalme, lakini inatosha kwa mwaka wa kwanza.

Ubao au skrini

Wapo wanaoona kwamba siku hizi klabu inaweza kuendeshwa kwa simu na kompyuta. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010, haina malipo wala matangazo, ina mafumbo mengi ya mazoezi, humwezesha mwalimu kuwafungulia wanafunzi wake akaunti za darasa, na ina mpangilio wa watoto unaofunga mazungumzo na watu wasiojulikana. Mpangilio huo uwashwe kabla mwanafunzi yeyote hajaingia.

Tatizo ni kwamba shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, maabara ya kompyuta ikiwapo hugawanywa na madarasa mengi, na umeme una tabia zake. Klabu ya Jumamosi iko huru zaidi hapa, kwa kuwa kocha anaweza kuja na kompyuta yake na projekta, na wanafunzi wakaazima simu za wazazi wao nyumbani. Hilo ni jambo la kweli katika mizani ya klabu ya pamoja. Lakini mimi nimeona tofauti kubwa kati ya mwanafunzi anayecheza kwenye skrini na yule anayecheza mezani. Wa kwanza hucheza michezo mingi kwa haraka na kusahau yote. Wa pili, akifundishwa kuandika kila hatua katika daftari kwa herufi na namba ya mraba, ana kitu cha kurudia na mwenzake kesho yake. Daftari hizo zikitunzwa zinakuwa mtaala wa klabu. Kwa hiyo ningeiacha skrini mikononi mwa mwalimu, aitumie kuandaa somo na kuchora mafumbo ubaoni, na wanafunzi wabaki na kete.

Mashindano ya ndani

Hakuna kinachoiweka klabu hai kama mashindano, na hakuna kinachoiua kama mashindano yaliyopangwa vibaya. Mtoano, ambao sote tumeuzoea kutoka kwenye mpira, ndio mpango mbaya kuliko yote kwa wanaojifunza. Wachezaji kumi na sita wakianza, nane wanamaliza safari yao baada ya mchezo mmoja, na hao nane ndio waliohitaji kucheza zaidi. Ligi kamili, ambamo kila mmoja anakutana na kila mmoja, ni ya haki kabisa, lakini watu kumi na sita wanahitaji raundi 15 na michezo 120. Ukiwa na mkutano mara mbili kwa juma, raundi moja kila mara, majuma karibu manane yamekwisha. Ligi inafaa kundi la watu sita hadi wanane, ambalo hukamilisha michezo 28 likiwa na nane.

Mfumo wa Uswisi ndio ninaoupendekeza. Kila mchezaji anabaki hadi mwisho, na katika kila raundi anapangiwa mtu mwenye pointi sawa na zake au zinazokaribiana, ambaye hawajakutana. Ushindi ni pointi moja, sare nusu. Raundi tano zinatosha kwa watu kumi na sita, na hata kwa thelathini na wawili. Kazi yote inafanyika kwa kadi za karatasi: kila mchezaji ana kadi yenye jina lake, pointi zake, wapinzani aliokutana nao na rangi aliyochezea. Raundi ikiisha, katibu anazipanga kadi kwa pointi, anazioanisha kutoka juu kwenda chini, na anahakikisha aliyechezea nyeupe safari hii anapata nyeusi safari ijayo kadiri inavyowezekana. Wakiwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, aliye chini ambaye bado hajapumzishwa anapewa pointi bila kucheza. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaumudu mpango huu baada ya kuusimamia mara moja pamoja na mlezi.

Klabu ya shule inaweza kucheza raundi moja kila mkutano na kuyafanya mashindano yadumu majuma kadhaa, huku matokeo yakibandikwa kwenye ubao wa matangazo na kuzungumzwa shule nzima. Klabu ya pamoja inalazimika kumaliza raundi tano siku hiyo hiyo, na kwa dakika kumi na tano kila upande hilo ni zaidi ya saa mbili na nusu za kukaa na kufikiri, ambazo mwanafunzi aliyeondoka nyumbani bila chai hazimudu. Anayepanga mashindano ya Jumamosi apange pia uji au mihogo, na apange hilo kabla ya medali.

Kwa shule za bweni kuna mpango wa nne, ambao huko unafanya kazi vizuri sana: majina yote yanapangwa kama ngazi ukutani, na kila mtu anaweza kumpa changamoto aliye nafasi moja au mbili juu yake, wakacheza Jumapili alasiri au wakati wowote wa mapumziko. Mlezi anahitajika tu kuidhinisha mabadiliko ya majina. Sheria moja isilegezwe katika mpango wowote: ukigusa kete yako, lazima uichezeshe kama ina hatua halali. Ugomvi mwingi wa wanafunzi huanzia kwenye kurudisha hatua.

Ipi kwa nani

Kwa shule ya serikali ya kutwa, ningechagua klabu ya shule bila wasiwasi, ikiwa na walezi wawili tangu siku ya kwanza ili uhamisho wa mmoja usiizime. Iwe na daftari la makabidhiano linaloeleza masomo, mfumo wa kadi na orodha ya vifaa. Kalenda yake ifuate kalenda ya mitihani: wanafunzi wapya waandikishwe mwishoni mwa Januari, shughuli ziwe nyingi hadi Machi na tena kuanzia Julai hadi Septemba, kisha klabu ipumzike wakati kidato cha pili na cha nne wanapojiandaa na mitihani ya taifa.

Shule ya bweni, hasa yenye kidato cha tano na cha sita, ina wakati mwingi wa jioni na mwisho wa juma, na haihitaji klabu ya pamoja ila kwa mashindano. Uangalizi mmoja tu: wanafunzi wa kidato cha tano huripoti katikati ya mwaka na wa kidato cha sita hufanya mtihani Mei, hivyo uongozi ubadilishwe Agosti wala usisubiri Januari.

Shule binafsi yenye basi lake na wanafunzi wachache wanaopenda mchezo ndiyo inayofaidika zaidi na klabu ya pamoja, kwa kuwa nauli si kikwazo na wachezaji sita wanaochoka kukutana wao kwa wao wanahitaji wapinzani wapya. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi mmoja mwenye kipaji ambaye amewapita wenzake wote. Huyo asizuiwe, atafutiwe kocha na mahali pa Jumamosi hata kama shule yake ina klabu nzuri.

Kwa wengine wote, klabu ya pamoja ije baadaye, shule tatu au nne zikiwa na klabu zao zinazosimama, na ikutane mara moja kwa mwezi kwa zamu katika shule hizo. Kocha mzoefu aalikwe siku hiyo, ili walezi na viongozi wajifunze kwake na kuyarudisha shuleni. Hapo ndipo pambano la Arusha na Moshi linapowezekana, kwa kuwa ni mwendo wa takriban kilomita 80 na basi la shule linakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kila upande ulete wachezaji sita waliopangwa kwa uwezo kutoka meza ya kwanza hadi ya sita, wavulana na wasichana, wacheze raundi mbili kwa kubadilishana rangi, na jumla ya pointi 12 iamue. Barua za ruhusa na za wazazi ziandikwe mwezi mmoja kabla, na tarehe iwe Agosti, kabla shule hazijaanza kukataa safari kwa sababu ya mitihani.